Mji Ambao Sikumpa

Mjukuu wangu wa kike, mpiga picha, alikuja na kamera na stendi yake ya miguu mitatu siku ambayo wingu lilikuwa limeshuka tangu asubuhi. Nilimwita mwenyewe. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa mgonjwa kitandani kwa mwezi wa pili, na katika picha zote za watu aliowashonea nguo za harusi, yeye hayumo hata moja. Nilitaka sura yake ibaki ndani ya nyumba.

Flashi mume wangu aliikataa, macho yalikuwa yanamuuma. Basi mjukuu akazima taa, akisema ile njano inachafua ngozi, akasogeza kitanda ubavuni mwa dirisha. Mimi akanipa shuka jeupe nilishike upande wa pili, nuru ya dirisha ipige pale irudi kwenye shavu lenye kiza. Mwanga ukiwa mdogo, alitueleza, kamera hufumba jicho polepole. Anayepigwa asitikisike hata mdomo.

Unamwambia nani. Huyo mzee na mimi tumetegeana vitendawili miaka arobaini, na mshindwa ndiye anayechemsha chai. Aliponiona nimenyanyua mikono kama mwizi aliyekamatwa, akacheka, akatega: "Mke wangu kabeba mzigo usio na uzito, akiutua nalala gizani."

Nikasema shuka. Akakataa. Nikasema mwanga. Akakataa. Picha ya kwanza ikaharibika, ya pili ikaharibika, mdomo umekuwa ukungu. Mjukuu akanung'unika kwamba mimi, mke mwenza wake, namharibia kazi kwa kumjibisha babu.

"Umeshindwa," Fundi akasema. "Nipe mji, nikupe jibu."

Mikono ilikuwa inaniwaka. "Nyamaza kwanza, mzee. Picha ikishatoka nitakupa."

Akanyamaza, mtiifu kama mtoto wa shule. Picha ikatoka. Alikuwa amechoka, akalala, na alipoamka ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito. Hatukusikia neno tena. Siku ya nne tukamzika.

Mjukuu ameisafisha ile picha kwenye kompyuta. Ameondoa chenga za giza, ameongeza nuru kidogo machoni, mikunjo ameiacha kama nilivyomwomba. Kila anayeingia huisifu. Mimi nikiitazama naona mdomo nilioufunga mwenyewe.

Juzi nikamuuliza mjukuu kuhusu zile zilizoharibika. Alizifuta siku ileile, isipokuwa moja iliyomponyoka. Akanifungulia. Alijaribu kuinoa ionekane wazi, akaacha, akajaribu tena. Mdomo ukabaki ukungu, na ndani yake meno mawili.

"Hii haiponi, Bibi," akasema.

Nikamwambia aitoe kwenye karatasi hivyohivyo. Nimeiegemeza kwenye cherehani. Jioni nachemsha chai, maana mshindwa ni mimi, halafu namwambia Fundi achukue mji, achukue na vitongoji vyake vyote. Kisha nakaa kimya, nisije nikamkatiza tena.