Watu Sitini na Mmoja wa Ng'ambo ya Kijito

Siku hiyo nilidhani macho yananidanganya. Raghunandan Singh, mkuu wa kijiji, mtu ambaye kivuli changu kikimgusa hukimbilia kuoga, alivuka kijito kwa miguu yake mwenyewe akaja kwetu sisi watengeneza ngozi, tunaohesabiwa najisi. Nyuma yake alikuja Mwalimu Awadhesh na makaratasi ya sensa.

"Phulmati, mama yangu, hamjambo?" mkuu akaniamkia.

Mama yake! Miaka hamsini na nane naishi hapa, kumbe nilimzaa na sina habari.

Nikamwuliza mwalimu kulikoni. Maskini, yule hajui kusema uongo. Serikali inajengea barabara ya lami vijiji vyenye watu mia tano. Upande wao, wenye mashamba, makuhani na wauza maziwa wote, walifika mia nne themanini na saba, na hapo walishahesabu hadi mashemeji waliohamia mjini zamani. Ndipo wakakumbuka kwamba ng'ambo ya kijito kuna viumbe wenye pua na masikio.

"Tuko sitini na mmoja," nikasema. "Barabara itafika huku?"

"Mpaka mlangoni kwako. Nakuapia!" akadakia Raghunandan.

"Basi kunywa maji, bwana. Mgeni haondoki hivi hivi." Nikamletea kikombe cha shaba, nimekisugua hadi kinang'aa.

Akakitazama kana kwamba nimemletea nyoka. "Leo nimefunga."

"Umefunga na mdomo unanukia tambuu?"

Majirani wakaangua kicheko. Mwalimu akajifanya anatafuta kalamu.

Nilikuwa tayari kuwafukuza kwa hasira. Lakini mkwe wangu Rinku, mke wa mwanangu, akanivuta pembeni. Mvua za mwaka uliotangulia tulimbeba na uchungu wa uzazi kwenye kitanda cha kamba, tukizama matopeni kilomita sita kwenda zahanati. Mtoto akafia njiani.

"Mama, tuhesabiwe," akaninong'oneza. "Hata ikiishia kwao. Safari ijayo sitaki kuzika tena."

Nikameza hasira. Nikataja majina yote, na mheshimiwa akawa anatikisa kichwa kwa upendo kila jina, utadhani anawajua.

Mwaka uliofuata barabara ikaja. Nyeusi, laini, nzuri kweli. Ikaishia wapi? Getini kwa Raghunandan, wapi kwingine! Mlango wangu waliukosa kidogo tu, hatua mia tatu na kijito.

Mwezi wa Julai, mvua zimekolea, asubuhi moja Rinku akashikwa na uchungu. Tukamvusha kijito kitandani mpaka kwenye lami, na gari la kukodi liko njiani linakuja. Mtoto hakulisubiri. Akazaliwa pale pale mbele ya geti, msichana, mzima, anapiga kelele kijiji kizima kisikie. Nililia hadharani bila haya.

Raghunandan akatoka mbio. "We Phulmati! Umeninajisia barabara!"

"Si uliapa itanifikia, bwana? Nimeona inachelewa, nikaifuata."

Makuhani wakakaa kikao. Damu ya uzazi, tena ya watu kama sisi! Wakaamua lami imenajisika, watu safi wasiikanyage siku kumi. Kwa hiyo siku kumi wakubwa wa kijiji walipita matopeni kando yake, dhoti, zile shuka zao za kiunoni, zimekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Katikati ya lami tulipita sisi, Rinku na mwanawe na mimi, polepole, mara mbili kwa siku, kupunga hewa.