Kidevu cha Bwana Harusi

Kabla hakujapambazuka, wembe uligonga ukingo wa beseni: ti, ti, ti. Mpigapicha aliusikia akiwa bado mlangoni, begi la kamera begani. Alikuwa anapita tu hapo kwa bwana harusi. Kazi yake ilikuwa kwa bibi harusi, na dereva alimngoja nje.

Ndani, bwana harusi alikuwa anamnyoa baba yake ndevu, kama kila asubuhi tangu kiharusi kimshike mzee upande wa kulia. Mzee alikuwa kinyozi. Mabwana harusi wa mtaa mzima walipita mikononi mwake. Leo anaoa mwanawe, na yeye hawezi kufika ukumbini.

"Dada, nipige na baba hapa," bwana harusi aliomba. "Huko ukumbini mtanipiga kiwiko tu."

Mpigapicha alicheka, lakini neno lilimchoma. Ni kweli, katika albamu zake mabwana harusi wengi walikuwa kiwiko na nusu sikio.

Akawapanga. Bwana harusi akakakamaa kama nguzo ya umeme. Mara simu ikalia: shangazi wa bibi harusi.

"Uko wapi wewe? Bibi harusi keshaanza kupambwa! Huyo bwana ana nini cha kupigwa, si suti tu?"

"Nakuja, shangazi."

Mzee alisikia yote. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. "Lete wembe. Kidevu hicho hakijanyolewa, kimeparuliwa."

Mama, aliyekuwa anapiga pasi shati jeupe, akabaki na pasi juu. "Mzee wangu, mkono huo haujazoea, hata kijiko unakiangusha! Umkate mtoto siku ya harusi yake?"

Bwana harusi alijipaka povu la sabuni, akapiga magoti mbele ya kiti, akauweka wembe kiganjani mwa baba. "Ila nioe kwanza, baba, ndipo unichinje."

"Funga mdomo. Una shingo ya kuku."

Wembe ukatetemeka hewani. Simu ikilia sasa, mpigapicha aliwaza, mzee atashtuka. Akaizima, akijua matusi yanayomngoja. Akazima na flashi.

Wembe ukagusa koo. Nje, dereva akapiga honi.

Mkono wa mzee uliruka. Mama akaguna. Lakini bwana harusi hakusogea hata kidogo. Alifumba macho, akainua kidevu zaidi. Mama akaweka pasi chini, akaja polepole, akakishika kiwiko cha mumewe kwa chini, kimyakimya, kama mtu anayeshika yai. Wembe ukatulia, ukapanda.

Mpigapicha akapiga. Akapiga tena.

Mzee alifuta povu nyuma ya sikio la mwanawe kwa kidole gumba. Hapakuwa na tone la damu.

"Kimbia sasa, mwanangu, kwa bibi harusi watakutafuna," alimwambia mpigapicha. "Ila picha usimpe mtu azilete. Njoo mwenyewe. Na zikichelewa, wewe njoo tu."