Wageni wa Beki Prosser

Saa kumi kasoro dakika tano Chepkemoi, mtunzaji wa zamu ya jioni, alimkunjia mzee Emrys Prosser suruali mpaka magotini, akamwekea mto mgongoni, kisha akaenda kufungua mlango wa mbele. Siku hiyo alikuja winga, kijana mwembamba mwenye jezi iliyolowa mvua, ingawa huko nje, mji mzima wa Eagan, kulikuwa na theluji tupu. Akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni. Akafuta matope ya njumu kwenye zulia. Kisha akarudi nyuma hatua nne, akakimbia, akampiga mzee teke la ugokoni mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu.

“Machi, sabini na moja,” mzee alisema alipopata pumzi. “Nilimvunja hapo hapo.”

Prosser alikuwa beki. Alicheza miaka kumi na tisa, akaivalia Wales jezi mara arobaini na tatu, na kila alikopita aliacha mtu chini. Machela ikiingia, mashabiki waliimba jina lake. Baadaye alihamia Minnesota kufundisha mpira, akazeeka, binti yake akamleta kwenye nyumba hii ya kutunzia wazee. Tangu Novemba, wale aliowaumiza walikuwa wakija mmoja mmoja, kwa mpangilio wa mechi, kila mtu na umri wake wa siku ile. Hawakuzidisha. Aliyevunjwa mbavu mbili alivunja mbili. Aliyeng'olewa meno kwa kiwiko aling'oa idadi ile ile, akashukuru, akaenda zake.

Wiki ya kwanza Chepkemoi alijaribu kufunga mlango. Mshambuliaji wa siku hiyo aliuvunja, akamgonga Chepkemoi ukutani mpaka bega likateguka, akamwomba radhi, akaendelea na shughuli yake. Tangu hapo Chepkemoi aliwafungulia, akafuta damu, akaandika ripoti. Ripoti zile hakuna aliyezisoma.

Lakini binti wa mzee aliyaona majeraha, akalalamika, na ofisi inayosimamia nyumba za wazee ikamtuma Bi Velma kuchunguza. Velma aliketi sebuleni akamwona kiungo mmoja akiingia na kumkanyaga mzee goti kwa njumu mara mbili. Alisogeza mkoba wake usiingie damu. Akamkumbusha mgeni aandike saa ya kutoka. Halafu akamweleza Chepkemoi, kwa upole, kwamba fomu haina nafasi ya wageni wa aina hiyo. Inauliza tu nani alikuwa zamu. Jina lake likishaandikwa, linaingia kwenye orodha ya watesaji wa wazee, na hapo hata kutandika vitanda hospitalini Saint Paul hatapewa tena. Mnyonge hana haki, na mnyonge wa zamu ya jioni ndiyo kabisa.

Lilibaki neno la mzee. Velma akasimama mbele yake na kalamu na kijitabu, akamuuliza nani amemuumiza.

Sasa, Prosser alikuwa na jibu moja tu kwa yeyote aliyemjia na kijitabu, kama refa, wakati kuna mtu ameumia. Alinyanyua mikono yote miwili, akafungua viganja, akakunja uso kama malaika aliyesingiziwa. Kisha akamnyooshea kidole aliyekuwa karibu naye zaidi.

“Mzee,” Chepkemoi alisema, “niangalie vizuri. Ni mimi.”

Miaka mitatu alikuwa amemwogesha na kumlisha. Kidole kile kilimuuma kuliko bega, na kidole hakikushuka. Velma akaandika.

Ijumaa Chepkemoi alimkabidhi kazi Nyiraneza, mama Mkongomani aliyekuwa akifanya kazi ghalani Shakopee. Alimwonyesha pamba, dawa, kitabu cha wageni.

“Saa kumi wanakuja, mama. Wafungulie tu. Ukiwa-block wanakuumiza wewe pia. Na usisahau ku-sign report.”

Nyiraneza akavua koti, akalitundika, akauliza, “Banabakia bangapi?”

“Alicheza miaka kumi na tisa,” Chepkemoi alisema. “Sisi tuko kwenye mwaka wake wa tatu.”