Soksi Pana za Stanija

Stanija ndiye aliyezifuma zile soksi za sufu. Alizifuma pana zote mbili, ingawa mguu mbovu wa binti yake ulikuwa mmoja tu, ili Radojka akivaa kishikizo cha plastiki cha kifundo cha mguu ndani yake, miguu ifanane na mwalimu wa ngoma asishtuke. Mama huyo aliwahi kuongoza kolo, ngoma ya mduara ya mji wao, kabla goti halijamsaliti. Sasa roho yake yote ilikuwa kwenye miguu ya Radojka, kwa maana kolo huchezwa kwa kushikana mikono, na anayetazamwa ni anayetangulia.

Radojka aliteguka mazoezini majira ya kuchipua. Mama akamkanda, akamfunga vitambaa vilivyolowa rakija, pombe kali ya matunda, na majani ya kabichi, uvimbe ukapungua. Lakini daktari hakutaka mzaha: asicheze bila kishikizo mpaka majani yadondoke.

Siku ya tamasha la kiangazi, nyuma ya jukwaa, mwalimu Momčilo akapita akikagua mavazi. Akachuchumaa, akaminya soksi ya Radojka, akakuta ugumu.

"Na hii plastiki?"

"Kishikizo, mwalimu. Daktari kasema nisi..."

"Daktari anacheza kolo? Bibi zako walicheza harusi mpaka kuche, hakuna aliyejifunga makopo miguuni. Kivue, au nenda mkiani ukacheze na wanaojifunza. Slavica yupo hapa, atatangulia yeye."

Slavica, shoga yake tangu utotoni, alikuwa kando yake, macho chini. Radojka akachungulia pazia. Mama yake alikuwa safu ya mbele, kajifunga kichwani kitambaa chake cha Pasaka, anawaonyesha majirani pa kutazama. Basi akaketi, akafungua kamba za kishikizo, akampa Slavica.

"Nishikie, shoga."

Kolo likaanza taratibu, kisha akodioni ikapamba moto. Katika kurukia upande wa kushoto akasikia kitu kimekatika ndani ya soksi. Hakuanguka. Kwenye kolo mwenzako kakushika mkono, anakuvuta utake usitake. Akamaliza kwa tabasamu huku machozi yanamlengalenga, na Stanija akapiga makofi kuliko wote. Kombe akalibeba Momčilo.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Radojka, mguu umeshapasuliwa na kushonwa, akaenda na fimbo kwenye ukumbi wa mazoezi kuwasalimia wenzake. Aliyetangulia mstari alikuwa Slavica. Momčilo alikuwa kapiga goti mbele yake, anamkazia kishikizo, tena juu ya soksi, mbele za watu.

"Tulia, mwanangu. Kifundo kikienda hakirudi."

Radojka alikitambua. Mama yake alikuwa amekishona ukingoni kwa uzi mwekundu.

"Hicho changu, Slavica."

Slavica akaiva masikio kwa haya. "Nilikuwa nakuja kukurudishia, Radojka. Haki ya Mungu."

"Mwachie mwenzako," Momčilo akasema bila kuinua kichwa. "Wewe si ulikivua mwenyewe?"

Radojka alitamani kumpiga na ile fimbo. Maneno yale yalikuwa kweli, na mwenye kuyasema ndiye aliyemwamuru akivue. Akodioni ikaanza. Akavuta kiti, akakaa mpaka mwisho.

Nyumbani, Stanija alikuwa anamngoja mlangoni.

"Wamekuwekea nafasi yako?"

"Wameniwekea, mama. Safu ya mbele, karibu na kiti chako."