Penalti Iliyopigwa Mara Tatu

Mara ya kwanza kukutana na Yefim Savelyevich Korobov, mimi nilikuwa hewani. Nilikuwa winga wa timu ya reli, kijana mwepesi niliyejiona upepo, na yeye alikuwa beki wa kushoto wa timu ya kiwanda cha boila cha Verkhni Yar. Nilipotua, nilimkuta ameshaniinamia na mkono wa kunisaidia kauleta.

“Umeumia, ndugu yangu? Pole sana. Nyasi zina unyevu leo.”

Ilikuwa mwezi wa saba, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Watu walimwita Kabati, kwa sababu kumpita ilikuwa kama kulipita kabati kwenye kijia cha nyumba: ama ugeuke upande, ama urudi ulikotoka. Alicheza misimu kumi na mmoja, na katika misimu hiyo yote alitolewa nje mara moja tu, tena kwa rafu ya mtu mwingine. Siri yake na ya beki mwenzake, Demyan Shustov, ilikuwa moja. Mkono wa kushoto unamshika mpinzani jezi kwa nyuma, chini chini, na wakati huohuo mkono wa kulia unapaa juu, vidole wazi, uso umejaa uchungu wa mtu anayesingiziwa. Mwamuzi anautazama mkono ulio juu. Nani atautafuta wa pili?

Mwaka 1971, akiwa na miaka thelathini na minne, goti lake la kulia lilikataa kazi. Kiwanda kilimpa saa ya ukutani na kazi ya stoo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaoa Verkhni Yar na kuhamia huko, nikawa mshika kibendera wa mechi za mkoa, kwa hiyo habari za nyumbani kwake nilizipata kwa mkewe mwenyewe, Taisia Pavlovna, mwalimu wa hesabu.

“Arkadi, nisaidie,” aliniambia siku moja. “Mwanaume anasimama kati yangu na jiko. Nikienda kulia, yuko. Nikienda kushoto, yuko. Jana nimeshika sufuria ya supu ya kabichi ya moto, ananiambia ‘pita basi’. Mtafutieni kazi ya jioni huyu, nitamwua.”

Ndipo tukampeleka kwenye kozi ya waamuzi.

Kwenye mtihani wa mdomo aliulizwa aeleze rafu ni nini. Alifikiri kidogo, akaomba mmoja wa watahini asimame. Alifaulu, ila yule mtahini alimaliza shughuli akiwa amekaa.

Mechi yake ya kwanza, ya vijana wa kiwanda cha sabuni na wa shule ya ufundi, alipuliza rafu sitini na moja. Tatizo halikuwa macho, macho alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba mawazo ya mabeki alikuwa akiyajua kabla wenyewe hawajamaliza kuyawaza.

“Ndugu mwamuzi, sijamgusa!” alilia beki mmoja wa sabuni.

“Ulikuwa unaelekea kumgusa.”

“Nilikuwa nimesimama!”

“Ulisimama kwa guu la kushoto huku unamtazama kifundo. Mimi mtoto mdogo?”

Baada ya mchezo nilimkalisha chini. “Yefim Savelyevich, sheria inataka umwache mtu atende kwanza.”

“Lakini nikimwacha ataumiza.”

“Ndiyo. Halafu ndiyo upulize.”

Lilimkaa vibaya jambo hilo, lakini alilishika. Baada ya miaka minne hakukuwa na mwamuzi bora kuliko yeye katika mkoa wetu, wala aliyechukiwa zaidi na mabeki.

Sasa tufike kwenye vuli ya mwaka 1976, mechi ya mwisho ya msimu. Timu yetu ya boila ilikuwa nyumbani dhidi ya timu ya kiwanda cha chumvi cha Solonets. Sare ilitutosha kubaki kwenye daraja. Solonets wasiposhinda, wanashuka wao. Mwamuzi alipangwa kutoka makao makuu ya mkoa, lakini asubuhi ile ukungu ulikaa juu ya mto uitwao Kama mithili ya blanketi, kivuko kikagoma kuvuka, na saa nne ikaja simu ya maandishi: mechi ichezeshwe na mwamuzi wa hapohapo, mradi timu zote mbili zitie sahihi.

Mwamuzi wa hapohapo alikuwa mmoja.

“Kabati?” kocha wa Solonets, aliyekuwa amevuka na timu yake tangu jana, alikuwa mweupe kama bidhaa yao. “Tuchezeshwe na Kabati? Bora mniletee mbwa na filimbi! Wachezaji wangu wawili bado wanachechemea kwa ajili yake, na wameshastaafu!”

Ila kukataa maana yake ilikuwa kurudi wiki inayofuata, na wiki inayofuata huenda mto ungekuwa barafu. Akatia sahihi. Kisha akaandika malalamiko rasmi palepale, kabla ya mechi, akaiacha wazi nafasi ya sababu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kwa bahati hakulijua. Kipa wetu, Innokenti, ambaye wote tulimwita Kesha, alikuwa amemwoa Zoya, binti wa pekee wa Yefim Savelyevich, na wao watatu na Taisia Pavlovna waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba viwili. Asubuhi ile kipa na mwamuzi walikunywa chai kwenye meza moja na kugombania sukari.

Mkurugenzi wa kiwanda aliingia chumbani kwetu sisi waamuzi, koti lake la manyoya likinuka nafthalini, dawa ya kuzuia nondo.

“Yefim Savelyevich, mimi siombi chochote. Nataka haki tu,” alisema. Akafika mlangoni, akageuka. “Haki yetu.”

Mechi ilikwenda vizuri mpaka dakika ya themanini na tisa. Tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Watu elfu mbili walikuwa jukwaani wakitafuna mbegu za alizeti na kuanza kupongezana. Solonets wakapata kona. Mpira ukapigwa, mshambuliaji wao mrefu, Zinchuk, akaruka, yaani alitaka kuruka, akabaki chini kama aliyefungwa kwenye nguzo. Nyuma yake alikuwa Demyan Shustov, ambaye kwa miaka thelathini na sita yake alikuwa bado nahodha wetu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, vidole wazi.

Mimi kwenye mstari niliona mgongo wa Zinchuk tu. Nilimtazama Yefim Savelyevich. Hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa ameshazunguka nyuma yao, mahali ambapo mwamuzi mwingine yeyote asingefikiria kwenda. Akaweka filimbi mdomoni. Nilimwona akisita, kifua kimejaa pumzi, kama mtu aliyesimama juu ya ubao wa kuogelea. Kisha akapuliza na kuonyesha kidole kwenye nukta ya penalti.

Jukwaani watu waliacha hata kutema maganda.

“Fima!” Demyan alimwendea Yefim mbio, akimwita kwa jina la kifupi. “Fima, mkono wangu uko juu! Wote wameuona!”

“Nimeuona huo, Demyan. Wa pili ulikuwa wapi?”

Demyan akaushusha mkono. Mtu anapoulizwa swali na aliyebuni jibu lake, aseme nini?

Zinchuk akapiga. Kesha akaruka kulia, akaupangua. Uwanja ulilipuka, mkurugenzi alimbusu mwanamke asiyemjua, na kelele zile zilichukua muda kutulia mpaka watu wakasikia kwamba filimbi ilikuwa inalia. Kipa alikuwa ametoka kwenye mstari kabla ya mpira kupigwa. Irudiwe.

Zinchuk akapiga tena. Kesha akaruka kushoto, akaudaka kabisa, akaukumbatia kama mtoto aliyepotea. Filimbi.

“Baba!” Kesha alipiga kelele.

“Hapa mimi ni ndugu mwamuzi.”

“Ndugu mwamuzi baba, nimesogea kiasi gani?”

“Hatua.”

“Nusu!”

“Kwenye sheria hakuna nusu. Rudi golini, mwanangu, na funika koo, utapata mafua.”

Mara ya tatu Kesha alisimama kama mti. Hakusogea kabla ya mpira kupigwa, hakusogea ulipopigwa, na hakusogea ulipokuwa tayari uko wavuni. Mbili kwa moja. Tulishuka daraja.

Ili kuwakwepa mashabiki tulitoka uwanjani kupitia chumba cha boila, ambacho, kwa kweli, kilikuwa kimetengenezwa vizuri sana. Kocha wa Solonets alitufuata huko, akamshika Yefim Savelyevich mkono kwa mikono yake miwili, akayachana malalamiko yake mbele yetu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Duka la mkate lilimwambia mkate umekwisha, na muuzaji alikuwa ameegemea rafu iliyojaa mikate. Kinyozi alimnyoa upande mmoja, akaenda kula chakula cha mchana, hakurudi. Nyumbani Kesha hakumsemesha kabisa. Mezani alipitia kwa mkewe.

“Zoya, mwambie ndugu mwamuzi anisogezee chumvi.”

“Zoya, mwulize ndugu kipa kama chumvi ya Solonets itamfaa, maana hatuna nyingine.”

“Zoya, mwambie nitakula bila chumvi.”

Taisia Pavlovna alivumilia siku tatu, kisha akawatangazia kwamba anayetaka kitu mezani ainuke akichukue, darasa limekwisha.

Halafu likaja kubwa zaidi. Watu wa Solonets, kwa furaha yao na bila nia mbaya hata chembe, walituma barua kwenye kamati ya waamuzi ya mkoa kumsifu mwamuzi Korobov kwa uadilifu. Sahihi mia mbili na arobaini. Kamati ikaingiwa na hofu, ikamwita ajieleze. Nilisafiri naye kama shahidi.

Mwenyekiti alikuwa Rimma Osipovna, mama mwenye miwani minene na sauti ya karani wa mahakama.

“Ndugu Korobov,” alisema, “nina miaka kumi na minne kwenye kiti hiki. Nimepokea barua za kumtukana mwamuzi, za kumtishia, na moja iliyokuwa na samaki ndani. Ya kumsifu sijawahi kupokea. Eleza.”

“Siwezi kueleza,” alisema Yefim Savelyevich. “Mimi mwenyewe imenishtua.”

“Walikupa nini?”

“Mkono.”

“Nani mwingine aliona hiyo jezi ikivutwa?”

Nilikiri kwamba niliona mgongo tu. Rimma Osipovna akachovya kalamu. Hapo mlango ukagongwa, akaingia Demyan Shustov na nguo zake za kiwandani, kofia mkononi. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa treni bila kumwambia mtu.

“Nilimvuta,” alisema.

“Nani wewe?”

“Niliyemvuta yule mshambuliaji. Zinchuk. Mkono wa kushoto, chini ya mbavu. Ndivyo tulivyozoea.”

“Mlizoea wewe na nani?”

Demyan akamwonyesha Yefim Savelyevich kwa kofia. “Mimi na huyu. Miaka minane. Hata hapa kwenu tulikuja mwaka sitini na sita, tukamvuta yule mshambuliaji wenu dakika tisini nzima, mrefu, ana nywele nyekundu...”

Rimma Osipovna alivua miwani. “Huyo ni mume wangu.”

Demyan akainama kwa heshima.

“Msalimie sana,” alisema Demyan.

“Miaka kumi,” alisema mama yule taratibu, “miaka kumi ananiambia kwamba siku ile alivutwa jezi, na mimi namwambia alikuwa mzito tu.” Akaifunga faili, akapiga muhuri. “Korobov hana kosa. Nendeni. Na wewe wa kofia, niandikie hayo maneno kwenye karatasi, nikampe nyumbani.”

Kwenye treni ya kurudi Demyan alimenya yai la kuchemsha, akalikata kwa kisu katikati, akampa mwenzake nusu.

“Nimesema kweli kwa sababu ni kweli,” alisema. “Lakini bado nimekukasirikia, Fima.”

“Najua.”

“Mpaka masika.”

“Ni haki yako.”

Kesha yeye hakuwa ametaja tarehe. Na angeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni kama posta isingeleta kadi: baada ya miaka minne ya kusubiri, zamu ya akina Korobov ya kununua friji ilikuwa imefika, lichukuliwe Jumamosi au lipewe mtu mwingine. Wao walikaa ghorofa ya tano, na jengo halikuwa na lifti. Demyan alikuwa kwenye hasira zake. Mimi mgongo wangu mnajua aliyeuharibu, kwa hiyo nilibeba vyuma vya ndani na kufungua milango. Waliobaki wenye nguvu walikuwa baba mkwe na mkwe.

Ghorofa ya kwanza walipanda kimya, wakihema. Ya pili pia. Kwenye kona ya tatu friji likakwama.

“Kushoto,” alisema Yefim Savelyevich.

Kesha alikaa kimya. Friji likaanza kumteleza.

“Kushoto kwako au kwangu?” alisema hatimaye, siku ya kumi na tisa ya kutomsemesha.

“Kwako!”

Wakaliegemeza kwenye mlango wa jirani, bibi Glafira, wapumzike. Kesha alijifuta jasho.

“Ilikuwa nusu hatua,” alisema.

“Hatua nzima.”

“Nusu! Ngoja nikuonyeshe. Hili friji ni nguzo ya kushoto ya goli. Arkadi, simama pale, wewe nguzo ya kulia. Baba, piga.”

Yefim Savelyevich alivua kofia yake, akaikunja ikawa mpira, akapiga kwa goti lake bovu. Kesha akaruka. Kofia ikaenda ngazi za chini. Wote watatu tukainamia sakafu kutazama alipotoka na alipofika.

“Mnafanya nini huko?” bibi Glafira alipiga kelele kutoka ndani. “Nani kanizibia mlango? Nitaita polisi!”

“Subiri, bibi, tunapima!” alijibu Kesha. Akapima kwa kiatu, akapima tena. Akanyanyuka taratibu, masikio mekundu. “Lakini wakati ule nilikuwa na daluga,” alisema.

“Shika upande wako,” alisema baba mkwe wake, “kabla bibi hajatutia ndani.”

Wakalinyanyua. Nikaifuata kofia chini, na nilipokuwa napanda tena niliwasikia juu yangu wakibishana kuhusu ile penalti ya pili.