Kaburi la Nikuze Kibanjani

Mdogo wangu Placidius ni mtaalamu wa migomba. Alichavusha maua kwa mkono wake mpaka akapata mgomba usioshikwa na ugonjwa wa mnyauko, akauotesha hapa kwenye kibanja chetu cha Nyaishozi, shamba la urithi lililozunguka nyumba. Akija, hata shikamoo ananirushia tu akiwa njiani kwenda shambani, kupapasa mmoja mmoja. Hongera zake, kalisha wengi. Lakini yule wa damu yake mwenyewe alimkimbia, na hilo mimi dada yake halinishuki kooni.

Nikuze alizaliwa na mdomo uliopasuka mpaka puani. Placidius alifunua kitenge, akachungulia mara moja tu, akatoka, akawasha pikipiki, basi. Umutesi, mama wa mtoto, alibaki Nyakasimbi akilima vibarua na mwanawe mgongoni. Hata siku ya kushonwa ule mdomo alikuwa peke yake. Kila nilipogusia habari za mtoto, ndugu yangu alinyanyuka akarudi kwenye migomba yake. Mwanamume mzima!

Wiki iliyopita nimonia ikamchukua Nikuze, msichana wa kidato cha pili. Umutesi hana ardhi hata ya kuzikia paka. Alinipigia magoti, akaomba mwanawe alale kwenye kibanja hiki cha babu yake, asipelekwe rweya, kule kwenye nyasi tupu, kama mtu asiye na ukoo. Kwetu lakini kaburi la mtoto huonyeshwa na baba yake. Nikampigia Placidius simu, nikamwambia mwanao amefariki, na usipokuja, mimi na wewe undugu umekwisha.

Alikuja. Akaenda mpaka katikati ya migomba yake, akasema, "Hapa." Akachukua panga akaifyeka mwenyewe, hata iliyokuwa na mikungu, machozi yakimtiririka. Umutesi alimshika mkono, akamshukuru. Nami, mjinga mimi, moyo ukalainika. Nikasema kumbe mtoto kapata baba, ingawa kachelewa.

Kaburi likachimbwa. Katekista Cassian akaweka msalaba magotini, akachovya brashi kwenye rangi, akamwomba baba mzazi amtajie jina la marehemu.

Placidius akanisogelea, akaninong'oneza:

"Dada, aliitwa nani?"