Ndege Isiyopiga Hodi

Tu, tu, tu. Kinu kidogo cha shaba kililia nyumbani kwa Bi Hadia kabla ya adhana ya alfajiri. Mchi ulitua polepole, maana anayetwanga hakutaka kumwamsha anayetwangiwa. Bi Hadia alikuwa akiponda hina ya mjukuu wake Alawiya, mwari wa ndani, aliyekuwa amebakiza siku chache kuolewa na Jeilani. Mama yake msichana alifariki akimnyonyesha, na bibi ndiye aliyemlea, akamfundisha kusoma juzuu na kushona kofia. Kila akiinua mikono kuomba dua aliomba jambo hilo hilo: asifumbe macho kabla ya kumwona Alawiya katika nyumba yake.

Sharti la mwari kila mtu wa Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, alilijua. Tangu aingizwe ndani mpaka atolewe siku ya arusi, asionekane na mwanamume yeyote wa nje. Akionekana, upande wa mume una haki ya kurudisha neno la posa, na msichana aliyerudishiwa neno huzeekea kwenye baraza ya bibi yake.

Mwaka ule vita vya Wajarumani vilikuwa vimekwisha. Mpiga mbiu alipita mitaani na baragumu lake, akatangaza kwamba meli imeleta kutoka kusini ndege Ulaya, chombo cha kuruka angani, mojawapo ya zile zilizokuwa zikiruka juu ya vita. Imechakaa, alisema, na inarudishwa kwao ikawekwe katika nyumba ya makumbusho, wanamohifadhi vitu vya zamani ili watu wavitazame. Lakini kwanza itaegeshwa mchangani Manda, kisiwa cha ng'ambo, na mwenye kutaka avuke akaione. Watu walicheka sana. Sokoni mtu mmoja aliuliza kitu cha juzi kimekuwaje cha zamani. Kama mambo ni hayo, basi na wamchukue mama mkwe wake. Jambo moja tu mpiga mbiu hakulisema, pengine na yeye hakuambiwa: kwamba ndege itaruka.

Asubuhi ile Alawiya alipakwa hina mikononi hadi vifundoni. Masika yalikuwa yameanza, na chumba cha ndani kilikuwa na unyevu, hina haikauki. Mtoto hakulalamika. Alikaa ameiinua mikono, vidole amevitanua asiguse kitu, jasho linamtiririka shingoni na hawezi kulifuta. Ukimya wake ndio uliomuuma bibi. Kijua kilipochomoza, Bi Hadia alimwambia wapande darini, juu ya paa, kidogo apate upepo. Wanaume wote wamevuka Manda kuitazama ndege, alisema. Nani atakuona?

Madari ya Amu ni mji wa wanawake. Huko huanika nguo, husukana, huvuka kutoka nyumba hadi nyumba kwa wikio, yale madaraja ya vyumba yaliyopita juu ya njia, vichwa wazi na bila hofu. Hakuna mwanamume apandaye huko juu kimyakimya. Barka mkwezi, kabla hajaukumbatia mnazi, husimama chini akawaita walio juu, "Hodi yuu!" Asipojibiwa haendi. Fundi wa chokaa hivyo hivyo. Hata muadhini hupanda akitazama vidole vyake vya miguu.

Basi kikaja kishindo. Bi Hadia alidhani ni radi, kisha akadhani ukuta wa jirani umeanguka. Alipoinua uso, juu ya minazi palikuwa na kitu chenye mabawa mawili yaliyopandana, kina mashua mbili chini ya tumbo, nacho kilikuwa kikija kwao. Kilipita chini sana hata makuti ya kibanda cha darini yakafumuka. Kwenye dari la pili mwanamke alijifunika ungo. Mwingine alijitupa ndani ya tenga la nguo mbichi na miguu ikabaki nje.

Alawiya hakukimbia. Alisimama palepale, uso juu, nywele zimemwagika, mikono imeinuliwa na vidole vimetanuka, kwa sababu tangu asubuhi aliambiwa asiguse kitu. Na ndani ya ile ndege, Bi Hadia aliona kichwa cha mtu kikiinama kuwatazama, kimevaa miwani mikubwa kama macho ya kereng'ende.

Bibi alivuta mtandio wake akamtupia mjukuu mzima mzima. Upepo ulipomgusa utosini ndipo alipojua kwamba yeye mwenyewe yuko kichwa wazi. Ndege ilikuwa imekwisha kupita. Akageuka, na kwenye dari la tatu akamwona Bi Rahima, mama yake Jeilani, ameweka kiganja mdomoni. Bi Rahima hakuwa akitazama ndege.

Alifika kabla ya adhuhuri, na alipokaribishwa kiti hakukaa.

"Bi Hadia, sina ugomvi nawe," alisema. "Lakini mwari wako ameonekana, tena kichwa wazi, na mwanamume nisiyemjua. Neno langu nalirudisha."

Kosa lilikuwa la Bi Hadia, na mtoto ndiye atakayelilipia. Kutoka chumbani yalisikika maji yakimwagwa kwenye beseni: Alawiya alikuwa akiiosha hina kabla haijakolea, bila kuambiwa na mtu.

Sauti ile ya maji ndiyo iliyomrudishia bibi ulimi. Akamwambia mwenzake kwamba shahidi yupo, ni mmoja tu, yule wa ndani ya ndege, naye yuko Manda. Aulizwe. Akisema amemwona mtoto, yeye mwenyewe atalipokea neno mbele za watu. Bi Rahima alifikiri, akasema atakwenda kusikia kwa masikio yake.

Wakavuka pamoja chini ya shiraa moja, lile pazia la nguo linaloinuliwa kwa vijiti, ambalo siku zile walibaki nalo watu wazima tu. Bi Hadia alishika vijiti vya mbele, Bi Rahima vya nyuma. Hawakusemezana. Bi Rahima alimkanyaga kisigino mara nyingi, na si mara zote kwa bahati mbaya.

Manda watu walikuwa wamejaa, lakini kimya kama msibani. Ndege ilikaa mchangani, mafuta yakiidondoka. Bi Rahima alipenyeza mkono kwenye uwazi wa shiraa akaligusa bawa. Aliurudisha upesi kama aliyeungua.

"Ni nguo," alinong'ona. "Bi Hadia, ni nguo na vijiti. Ina viraka. Watu hawa wanaruka na shiraa!"

Mkalimani alikuwa Wazir, mpwa wake Bi Rahima, karani wa forodhani. Akamleta rubani, kijana mdogo, midomo imebabuka kwa jua. Bi Hadia aliona jambo moja mapema: kijana alivua kofia, akasimama upande, asitazame ndani ya shiraa. Nani alimfundisha, hakujua.

Wazir akamuuliza kwa Kizungu yale aliyoagizwa: kwenye dari lenye kibanda cha makuti, karibu na msikiti, alimwona nani? Kijana akasema maneno machache.

"Anasema alimwona mtu mmoja tu," Wazir akafasiri. "Bibi mwenye mvi, aliyevua nguo ya kichwa chake akaitupa. Wengine aliona nguo zinakimbia. Anasema hakujua kama juu ya nyumba ni ndani ya nyumba. Anamwomba radhi bibi huyo."

Bi Hadia alimsikia Bi Rahima nyuma yake akishusha pumzi.

"Basi aliyeonekana ni wewe," Bi Rahima alisema. "Sijui tutakuoza kwa nani."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na Wazir akageuka kuwasogeza. Hapo rubani akainua mikono yake miwili, vidole amevitanua, kama mtu asiyetaka kugusa kitu. Kisha akaweka kidole mdomoni.

Kumbe alimwona Alawiya. Alimwona vizuri, hadi vidole. Bi Hadia akaogopa kugeuka, maana uwazi wa shiraa ulikuwa mpana, na vijiti vya nyuma vilikuwa vimeanza kutetemeka.

Walitembea hadi ukingo wa maji, na mwenye mtumbwi akawangoja. Bi Rahima hakuingia.

"Nimeiona mikono ya yule kijana," alisema.

Bi Hadia aliurudisha mguu aliokwisha kuutia majini.

"Mgeni, hata salamu yetu haijui, amemsitiri mtoto. Mimi niliyetaka aniite mama ndimi niliyekuwa mbioni kumwanika." Alivishika vijiti sawasawa. "Ukifika umpake hina upya. Na mara hii chumbani, hata ikikauka mwakani."

Bi Hadia alilia ndani ya shiraa, kimya kimya, na mwenzake akainua upande wa nyuma juu zaidi ili upepo uingie.

Kisha Bi Rahima akamwita mpwa wake, aliyekuwa amesimama mbali nao.

"Wazir, mwambie yule kijana aje tena kututembelea. Lakini apite ndia ya mlangoni, apige hodi."